Kikombe Chenye Uzi Mwekundu

Kikombe kilikuwa cha bati, cheupe, mdomo wake wa bluu umebanduka upande mmoja. Kwenye kishikio palifungwa uzi mwekundu ili mtu asikosee. Kilikuwa cha shangazi peke yake, kikitundikwa kwenye msumari nje ya jiko, mbali na vikombe vya wengine. Mwaka ulikuwa 2011, katika kijiji kilicho mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Dongobesh, wilayani Mbulu. Shangazi alikuwa amerudi juzi tu kutoka Dar es Salaam, alikotibiwa saratani ya mlango wa kizazi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road.

"Amepigwa mionzi," majirani walinong'ona. "Bado anayo mwilini."

Binti wa kidato cha pili, ambaye tangu utoto alikuwa akilala kitanda kimoja na shangazi huyo, alihamishiwa kwa jirani. Blanketi la mgonjwa likafuliwa peke yake na kuanikwa kwenye ua wa nyuma. Watoto wadogo wakakatazwa kupakatwa naye. Binti huyo wa kidato cha pili ndiye anayeandika makala haya, na alitii kila alichoambiwa. Kwa miezi mitatu hakukigusa kile kikombe, hata kukiokota kilipoangushwa na upepo.

Shangazi hakugomba na mtu. Jioni moja tu, akiwa amekaa kando ya moto na shuka mabegani, alimwambia mama wa binti yule neno ambalo hakuna aliyelishika: "Wifi, manesi wa kule walikuwa wananishika mkono kuniteremsha kitandani, mashine ikiwa imezimwa sasa hivi tu. Mbona wao hawakuogopa?"

Mama akachochea moto, akanyamaza. Ndani ya swali lile mlikuwa na fizikia yote iliyohitajika kumrudishia mgonjwa kikombe cha kawaida. Ilimchukua binti yule miaka sita kuitambua, na hadi leo, akiwa mwalimu wa somo hilohilo, huona haya kwamba jibu lilisemwa mbele yake na yeye akaendelea kupepeta mahindi.

Anayetaka kuelewa jambo hili hahitaji kwenda mbali na jiko la Mbulu. Juni na Julai baridi ya nyanda zile huingia mifupani, na watu wote huukaribia moto. Joto linakufikia pale ulipoketi. Ukisogea mno utaungua, ukirudi nyuma unapoa. Ukitoka nje, joto linabaki na moto wake. Huwezi kumpelekea jirani joto ulilolipokea mgongoni. Moshi ni habari nyingine. Huo unakufuata. Unakaa kwenye nywele, kwenye shuka, na aliyelala kitanda kimoja nawe asubuhi naye ananuka moshi. Na yule mama aliyekwenda kuomba moto kwa jirani, akarudi na kaa jekundu juu ya kigae, amebeba moto wenyewe: popote atakapopita, joto litakuwapo.

Kupigwa mionzi ni kulipokea joto. Kuchafuliwa na mionzi ni kubeba majivu yenye makaa hai, iwe kwenye ngozi, kwenye nguo, au ndani ya tumbo na mapafu. Aliyepigwa hamwambukizi mtu. Aliyechafuliwa anaweza kumwachia mwenzake sehemu ya alichobeba, na yeye mwenyewe huendelea kuungua hadi majivu yale yaoshwe, yatolewe na mwili, au yapoe yenyewe.

Mwaka ule wa 2011 Ocean Road walikuwa wakitumia mashine za kobalti-60. Ndani ya mashine ya namna hiyo mna kobalti kidogo iliyofungiwa ndani ya kapsuli ya chuma iliyochomelewa, nayo imezingirwa na risasi nzito, ile metali ya kijivu. Kobalti hiyo hutoa miale ya gama usiku na mchana. Haina swichi. Mtaalamu huifungulia njia kwa dakika chache tu, miale ipite kuelekea kwenye uvimbe, kisha chanzo kinarudi kwenye ngome yake na mlango wa chumba unafunguliwa. Hapo ndipo manesi walipoingia na kumshika shangazi mkono. Siku tano kwa wiki, wiki tano mfululizo, na hakuna hata chembe moja ya kobalti iliyomgusa. Kilichomfikia ni miale. Miale hiyo hung'oa elektroni kwenye atomu za mwili na kukata nyuzi za vinasaba ndani ya seli. Seli za saratani hushindwa kujitengeneza upesi kama seli zenye afya, hivyo hufa nyingi zaidi. Baada ya hapo miale haipo tena. Imepita, au imemezwa kama joto linavyomezwa na jiwe.

Mwaka 2018 taasisi hiyo ilianza kutumia pia mashine za kisasa zinazozalisha mionzi kwa umeme, kama eksirei ilivyo. Umeme ukikatika, mionzi inakoma papo hapo.

Kijiji hakikuwa na wazimu, lazima hili lisemwe. Kilikuwa na ushahidi wake. Ngozi ya tumbo la shangazi ilikuwa imekuwa nyeusi kama iliyobabuliwa. Aliharisha kwa wiki kadhaa, alichoka hata kubeba ndoo ya lita kumi, na hali hiyo haikuisha upesi. Watu waliona madhara yanaendelea, wakahitimisha kwamba na mionzi inaendelea. Lakini mtoto aliyeungua kwa uji wa moto hubaki na kidonda majuma mengi, na hakuna anayekataa kumbeba kwa hofu ya kuunguzwa naye.

Mfano mkubwa wa kupigwa mionzi bila kuibeba ulitokea hapa Afrika Mashariki. Wazee wa Mbulu wanamjua mbung'o. Wakati wa ukoloni vichaka vingi vya wilaya ile vilifyekwa ili kumnyima maficho mdudu huyo, aliyeua ng'ombe kwa nagana na watu kwa malale. Huko Unguja mbinu ilikuwa nyingine. Katika miaka ya 1990 mbung'o walizalishwa kwa wingi maabara mjini Tanga, madume yakapigwa miale ya gama hadi yakawa tasa, kisha kuanzia mwaka 1994 yakamwagwa kisiwani kwa ndege, wiki baada ya wiki, kwa mamilioni. Jike wa mwituni akipandwa na dume tasa hazai. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa mwaka 1996, na mwaka uliofuata Unguja ikatangazwa haina mbung'o tena. Madume yale yalitua juu ya migomba, juu ya ng'ombe na juu ya watu. Hayakuacha mionzi popote, kwa sababu hayakuwa nayo. Yalikuwa yamepigwa tu, kama shangazi.

(Ipo mionzi ya nyutroni, ya ndani ya vinu vya nyuklia, ambayo inaweza kukigeuza kitu kikaanza kutoa mionzi chenyewe. Hiyo siyo ya chumba cha eksirei wala ya mashine ya kobalti.)

Sasa upande wa pili, wa majivu na makaa.

Tarehe 13 Septemba 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazili, wanaume wawili waliingia kwenye jengo la kliniki iliyohamwa wakachukua kichwa cha mashine ya zamani ya tiba ya saratani. Walitaka kukiuza kama chuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na gramu 93 za unga wa sesiamu-137. Maadamu kapsuli ilikuwa nzima, hatari ilikuwa ya moto ulio kwenye figa: kaa mbali, utapona. Waliitoboa. Mwenye yadi ya vyuma chakavu alinunua vipande, na usiku akaona unga ule unang'aa rangi ya bluu. Aliuona kuwa kitu cha ajabu na cha thamani, akawaita ndugu na marafiki waje kutazama, akawagawia punje. Wengine walijipaka mwilini. Mtoto wa miaka sita alicheza nao sakafuni, kisha akala chakula kwa mikono ileile.

Kuanzia hapo moto haukuwa tena kwenye figa. Ulikuwa kwenye vitanda, kwenye noti za fedha, kwenye mbwa na kuku, kwenye viti vya basi. Aliyeokoa mji ni mke wa mwenye yadi. Aliona watu wa nyumbani wanaumwa wote kwa wakati mmoja, akakishuku kile chuma, akakitia kwenye mfuko na kukipeleka kwenye kituo cha afya. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa, na 249 wakakutwa na uchafuzi. Wanne walikufa, wakiwemo mtoto yule na mama huyo aliyetoa taarifa. Nyumba zilibomolewa, udongo wa juu ukachotwa na kufukiwa pamoja na samani na nguo.

Siku ya kumzika mtoto yule, watu wa mji walikusanyika makaburini kupinga, wakarusha mawe. Jeneza lilikuwa limetandikwa risasi kwa ndani. Mwandishi wa makala haya alipoisoma habari hiyo mara ya kwanza, katika maktaba ya chuo, alikifunga kitabu na kutoka nje. Alikuwa amekumbuka uzi mwekundu.

Wafugaji wa Hanang na Mbulu wana sababu yao ya kukumbuka ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, ya tarehe 26 Aprili 1986. Pale uchafuzi ulipitia njia ambayo kila mfugaji anaijua. Kinu kiliporipuka, iodini-131 ilipeperuka na kutua kwenye majani. Ng'ombe wakala majani, watoto wakanywa maziwa, na tezi ya shingo, ambayo huipenda iodini kuliko kiungo kingine chochote, ikaikusanya. Miaka iliyofuata maelfu ya watoto wa Ukraine, Belarusi na Urusi waliugua saratani ya tezi hiyo, na sehemu kubwa ya visa hivyo imehusishwa na maziwa yale. Hapa nchini kazi ya kupima mionzi kwenye vyakula ni ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003, yenye maabara mjini Arusha.

Na ndani ya Manyara, mkoa ilimo Mbulu? Anayetoka Babati kwenda Arusha hupita Minjingu, kwenye mgodi na kiwanda cha mbolea ya fosfeti. Mwamba wa fosfeti wa pale una urani ya asili nyingi kuliko udongo wa kawaida, na watafiti wa Kitanzania waliopima walikuta mionzi ya juu kuliko wastani wa dunia. Abiria anayepita ndani ya basi hapati jambo la kumtisha. Anayepaswa kufikiriwa ni mfanyakazi anayevuta vumbi lile mwaka hadi mwaka, na mke anayefua nguo zake. Kwa mtu huyo hifadhi si ukuta mnene wala risasi. Ni barakoa, maji, sabuni, na kuziacha nguo za kazi kazini.

Kosa la kinyume nalo lipo, na familia ya mwandishi ililifanya pia. Mwaka 2006 mdogo wake alianguka kutoka juu ya punda na kuvunjika mkono, wakiwa safarini upande wa Hanang. Katika kituo kimoja cha tiba mtoto aliingizwa chumba cha eksirei, na ukoo wote ukaingia naye: mama, mjomba, mke wa mjomba aliyekuwa na mimba ya miezi minne, shangazi, na binti mwenyewe. Mlango uliachwa wazi. Hakuna aliyewaambia watoke, hakuna aliyemuuliza mama mjamzito hali yake. Picha ikapigwa, wote wakiwa wameizunguka meza kama wanaotazama ngoma.

Bahati nzuri, dozi ya picha ya mkono ni ndogo mno. Hata picha moja ya kifua ni takriban sehemu moja ya kumi ya milisiveti (kizio cha kupimia dozi ya mionzi), wakati ardhi, anga na chakula peke yake humpa binadamu wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka. Lakini kanuni haikuwekwa bure. Kiwango kilichowekwa kwa mtu wa kawaida, mbali na mionzi ya asili na ya matibabu yake mwenyewe, ni milisiveti moja kwa mwaka. Kwa mfanyakazi wa mionzi ni wastani wa 20. Ndiyo maana mpiga picha huvaa kifuani kile kipimo kidogo kinachotumwa kusomwa kila baada ya miezi kadhaa, na ndiyo maana kuna aproni ya risasi. Mbele ya mionzi inayopiga, mambo matatu hukinga: punguza muda, ongeza umbali, weka kizuizi. Ukienda mara mbili ya umbali kutoka kwenye chanzo kidogo, unachopata ni robo tu.

Fikiria basi. Watu walewale waliosimama bila wasiwasi ndani ya chumba mionzi ikiwapo, miaka mitano baadaye walikiogopa kikombe ambacho mionzi haikuwahi kukigusa.

Desemba 2017 binti alirudi likizo akiwa mwaka wa pili chuoni, anasomea ualimu wa fizikia. Shangazi alikuwa hai, amepona, amenenepa. Miezi mitatu ya kutengwa ilikuwa imekwisha zamani, lakini kikombe hakikuondoka msumarini. Mazoea yalikuwa yamekigeuza kuwa chake. Chai ilipochemka, binti alikiteremsha, akakijaza, akanywa mbele ya wote. Shangazi alimtazama mpaka kikombe kikaisha. Kisha akanyoosha mkono, akakichukua, akamjazia tena.

Mama ndiye aliyesema. "Kwani na yule jirani je?"

Hapo kikafumbuka kitu ambacho binti hakuwahi kukijua. Miaka miwili kabla ya ugonjwa wa shangazi, mama mmoja wa kijiji jirani, mwenye rovu shingoni, alikwenda kutibiwa mjini akanyweshwa dawa. Aliporudi alisema madaktari wamemwagiza alale peke yake, asiwapakate watoto, awe na vyombo vyake, na amwage maji mengi kila atokapo chooni. Mama wa binti alilisikia hilo kwa masikio yake. Shangazi aliporudi na neno lilelile, "mionzi", mama alifanya alivyosikia. Hakuwa amebuni uzi mwekundu kwa ukatili.

Na katika habari ya jirani, madaktari walikuwa sahihi kabisa. Dawa ile ilikuwa iodini-131, ileile ya Chernobyl, sasa imepimwa kwa uangalifu na kugeuzwa tiba. Inamezwa, inakwenda kwenye tezi, inaichoma kutoka ndani. Kwa siku kadhaa mgonjwa huyo anabeba kaa kwenye kigae: sehemu ya dawa hutoka kwa mkojo, kwa jasho na kwa mate. Nguvu yake hupungua nusu kila baada ya siku 8, kwa hiyo masharti yake yana mwisho, na daktari huutaja. Wagonjwa wawili, neno moja, mionzi, na mambo mawili yaliyo mbalimbali kama joto na moshi. Kiswahili chetu cha mitaani kimeyatia kwenye kapu moja, na hata baadhi ya wahudumu huyaacha humo kwa haraka ya foleni.

Mama aliinuka, akachukua kisu cha jikoni, akaukata ule uzi. Hakusema kitu, wala hakuna aliyemtaka aseme.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini Tanzania, na kila wiki wapo wanaopanda basi Mbulu, Haydom au Katesh kwenda kupigwa mionzi mbali na kwao. Wengine huchelewa kwa nauli. Wengine huchelewa kwa sababu wamesikia watakavyopokewa wakirudi. Ndugu anayemsindikiza mgonjwa na aulize kabla ya kuondoka hospitali, kwa maneno haya haya: "Mionzi imetoka kwenye mashine, au amepewa dawa yenye mionzi mwilini?" Ikiwa ni dawa, aulize masharti ni ya siku ngapi, ayaandike, ayafuate mpaka siku ya mwisho. Ikiwa ni mashine, mgonjwa alale kitandani kwake, ampakate mjukuu wake, na anywe chai kwa kikombe chochote kilichopo.

Na kijana anayezunguka vijijini kununua vyuma chakavu, akikuta chombo kizito kupita ukubwa wake, chenye alama ya mapanga matatu meusi juu ya rangi ya manjano, asikipige nyundo wala asikipakie. Arudi nyuma, awazuie watoto, aende kwa mtendaji wa kijiji au polisi ili Tume ya Nguvu za Atomiki iitwe.